SOMO LA WIKI: Nikeli, Tanuri na Bei ya Kipuri

Wiki hii tunaweka kando karafuu na mwani. Tangu hisa za Lifezone Metals, wenye mradi wa nikeli wa Kabanga kule Ngara, zianze kuuzwa New York mwezi Julai 2023, swali linarudi barazani hapa Micheweni: nikeli ikishachimbwa huenda wapi, na pesa yake hasa iko wapi?

Sehemu kubwa ya nikeli ya dunia huishia kwenye chuma kisichoshika kutu. Nyingine huingia kwenye betri. Fungu dogo, lakini la thamani kubwa, hutengeneza superaloi, yaani mchanganyiko wa metali unaostahimili moto wa injini ya ndege. Maarufu ni Inconel 718: nikeli asilimia 50 hadi 55, kromiamu 17 hadi 21, niobiamu kiasi cha 5. Siku hizi vipuri vyake huchapishwa. Unga wa aloi hutandazwa, leza huuyeyusha panapotakiwa, hutandazwa tena, tabaka juu ya tabaka, mpaka umbo likamilike. Mwekezaji mgeni akiona umbo hudhani kazi imekwisha.

Bado. Ndugu msomaji, panga lisilotiwa matiko lina umbo la panga, lakini ukilipiga kwenye kisiki linapinda. Kipuri kilichochapishwa ni hivyo hivyo, tena kina matatizo zaidi. Kila tabaka hupoa ghafla juu ya jingine lililokwisha kuwa gumu, hivyo metali hujikaza kwa ndani. Ukikikata kutoka kwenye bamba lake mapema, kinaweza kujipinda mbele ya macho yako. Kwa hiyo hupashwa moto kikiwa bado kimeshikamana na bamba, kwa kawaida nyuzi 1,065 za Selsiasi kwa muda wa saa moja na nusu. Kisha mara nyingi huingizwa kwenye chombo cha gesi ya argoni, nyuzi 1,120 hadi 1,185, kikibanwa kwa shinikizo la karibu mara 1,000 ya hewa ya kawaida, ili vitundu vya ndani vizibe. Mwisho ndiyo matiko yenyewe: nyuzi 720 saa 8, kushushwa taratibu hadi 620, na saa 8 nyingine. Hapo nikeli na niobiamu huunda chembe ndogo mno ambazo huizuia metali isilegee ikipata moto.

Kosa la gharama ni kunakili kanuni ya chuma kilichofuliwa. Katika uchapishaji niobiamu haienei sawasawa. Hurundikana mahali mahali. Ukitumia nyuzi 980 za desturi ya zamani, yale marundo huzaa vijiti visivyotakiwa badala ya kutawanyika, na nguvu ya kipuri hupungua. Ndiyo maana uchapishaji umepata kanuni yake ya tanuri, ASTM F3301.

Tanuri lenyewe lina mipaka. Linaziba tundu, haliondoi uchafu. Julai 2023 kampuni ya RTX, wenye Pratt & Whitney, ilitangaza kuwa unga wa metali wenye uchafu ulitumika kwenye diski za baadhi ya injini zake. Diski zile hazikuchapishwa, zilishindiliwa kutokana na unga. Lakini hisa zilishuka kiasi cha asilimia 10 siku ile ile, na Septemba kampuni ikatangaza pigo la dola bilioni 3 hivi. Sisi wa visiwani tusidhani ni habari ya mbali: mwaka 2022 Air Tanzania ilisimamisha baadhi ya Airbus A220 zake kwa matatizo ya injini za mtengenezaji huyo huyo, ingawa sababu ilikuwa nyingine.

Kwa mwenye akiba ndogo, basi, hizi ni biashara mbili tofauti. Hisa ya mgodi hufuata bei ya London, na bei hiyo ina wazimu wake: tarehe 8 Machi 2022 tani moja ilipita dola 100,000, soko likafungwa na mauzo ya siku ile yakafutwa. Hisa ya mchapishaji wa vipuri hufuata ujuzi wake. Kabla ya kununua, soma taarifa yake ya mwaka: je, tanuri ni lake au anapanga foleni kwa mwingine? Unga anaununua kwa nani? Vipuri vingapi hukataliwa baada ya ukaguzi? Kama taarifa inasifu mashine za leza tu na tanuri halitajwi, mimi ningesubiri.

Wiki ijayo tunarudi kwenye karafuu kavu.