Wokovu ni bure, bahasha ni ya nini?

Wasomaji wa Bahi, Dodoma, wametuma maswali kuhusu neema, mengi yakiwa yameandikwa baada ya mavuno ya mpunga, wakati sadaka za shukrani zinapohesabiwa. Anajibu mwalimu wetu wa theolojia.

Kama wokovu ni zawadi, mbona kila Jumapili naulizwa bahasha? (Mama, Bahi Sokoni)

Mama, bahasha ni ya kazi ya kanisa: posho ya mchungaji, bati, petroli ya pikipiki ya mwinjilisti. Hayo yanataka fedha, na ni heri kusema hivyo waziwazi. Ubaya unaanza pale bahasha inapogeuzwa tiketi. Nimewahi kukaa kwenye msiba ambako wazee wa kanisa walipekua daftari la michango kabla ya kukubali kumzika marehemu. Ndugu zake wakachanga deni lake palepale, jeneza likiwa limewekwa juani. Paulo anawaambia Waefeso, sura ya 2, kwamba wokovu wao umetoka kwa Mungu na hakuna aliyeufanyia kazi, kwa hiyo hakuna mwenye haki ya kutamba. Daftari lile lilihubiri kinyume chake, tena mbele ya watu wengi kuliko wanaofika ibadani.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Zawadi isiyodai kitu ipo kweli? (Kigwe)

Swali hili wahubiri wengi hulikwepa. Mtu akikukabidhi ng'ombe wake umtunzie, maziwa unakunywa wewe na watoto, lakini siku yake ya shida anategemea kukuona. Watu wa zama za Paulo nao waliishi hivyo. John Barclay, mwanazuoni wa Biblia wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, alilichambua jambo hili katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 2015. Anaonyesha kwamba mtu mwenye busara wa wakati ule alichagua wa kumpa: mwenye hadhi, wa ukoo mwema, atakayejua kurudisha heshima. Paulo haondoi matarajio hayo yote. Anachokipindua ni uchaguzi wa anayepewa: katika Warumi 5, Kristo anawafia watu wakiwa bado waovu, hawana cha kuonyesha. Kupokea kunaleta maisha mapya, na Mungu anayatarajia. Ila hayakuwa sharti la kupewa. Ukiyatanguliza, umeshaanza kupatana bei na Mungu.

Yakobo anasema imani bila matendo imekufa. Anampinga Paulo? (Mundemu)

Kila mmoja ana mtu wake anayemkemea. Paulo anabishana na waliotaka watu wa mataifa watahiriwe kwanza ndipo wahesabiwe kuwa ndani. Yakobo amemkasirikia Mkristo anayemwona mwenzake hana nguo wala chakula, akamwombea heri na kujiendea zake. Luther, mwanamatengenezo wa kanisa, aliuita waraka wa Yakobo waraka wa majani makavu. Kwa maoni yangu alimwonea.

Mimi Mkatoliki, mume wangu Mwanglikana. Tukibishana kuhusu neema na matendo, nani yuko sahihi? (Chipanga)

Mmechelewa kugombana. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja: Mungu anatupokea kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, si kwa kustahili kwetu, na Roho anatufanya upya tuweze kutenda mema. Wamethodisti wakajiunga mwaka 2006. Mwaka 2016, Baraza la Ushauri la Anglikana lilipokutana Lusaka, Zambia, nalo likaunga mkono kiini chake. Tofauti zimebaki, lakini si za kuvunja sahani.

Na anayedhani neema ni hoja ya Wazungu, akumbuke kwamba mtetezi wake mkubwa wa zamani, Agostino, alikuwa askofu wa Hippo, katika Algeria ya leo. Mafundisho ya Pelagio, aliyetegemea mno uwezo wa mtu kujitengeneza mwenyewe, yalikataliwa na maaskofu wa Afrika kule Karthago mwaka 418.

Mvua imekatika. Mhubiri anasema tupande mbegu ya fedha ili Mungu aifungulie. (Ilindi)

Msimpe. Tuko kwenye ukanda mkavu wa kati, wenye msimu mmoja wa mvua, na mvua kukatika katikati ya msimu ni jambo ambalo babu zetu walilijua. Yesu mwenyewe, Mathayo 5, anasema Mungu huwanyeshea wema na wabaya. Tembea mashambani: mtama wa mzee wa kanisa na wa mlevi umenyauka sawasawa. Hiyo mbegu ya fedha inataka kumfanya Mungu mdaiwa wetu. Ombeni mvua, na fedha mliyo nayo nunueni mbegu ya uwele.

Kama mtu anaweza kutubu dakika ya mwisho, si nisubiri? (Kijana, Bahi)

Yule mnyang'anyi aliyetubu akiwa amesulubiwa pamoja na Yesu hakuwa na ratiba ya kutubu.

Jirani ameniibia ng'ombe. Nimsamehe kabla hajarudisha? (Lamaiti)

Ndugu yangu, Dodoma imewahi kuwa na mwalimu aliyelipitia hili kwa ukubwa wa kutisha. Festo Kivengere, mtu wa Kigezi, Uganda, alikuwa mtoto wa Uamsho wa Afrika Mashariki uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Waliookoka katika uamsho ule walijulikana kwa kurudisha vitu walivyoiba, huku wakishuhudia kwamba wameshasamehewa. Baadaye alifundisha Shule ya Sekondari ya Alliance hapa Dodoma, kisha akawa askofu wa Kigezi. Februari 1977, chini ya utawala wa Idi Amin, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, na Kivengere akakimbilia Rwanda. Mwaka huohuo akatoa kitabu cha kusema anampenda Amin. Hakudai kwamba Amin ametubu, wala hakuacha kuyataja mauaji.

Kwa hiyo, msamehe. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji ukaandikishe idadi ya ng'ombe, rangi zao na chapa zao, na polisi wapate nakala. Kumsamehe mwizi hakufuti kesi.