Mtandao wa Kompyuta Hospitalini: Kuupima Kabla ya Kuutibu

Utangulizi

Somo la leo halihusu ini wala moyo. Linahusu kiungo kisichotajwa katika vitabu vya anatomia, ingawa hospitali ya leo haiwezi kusimama bila hicho: mtandao wa kompyuta. Kadi ya bima huhakikiwa kupitia mtandao, namba ya malipo ya Serikali hutolewa kupitia mtandao, majibu ya maabara na picha za eksirei husafiri humo humo. Mtandao ukizorota, mgonjwa aliyeondoka Mkwaja au Maramba alfajiri hukaa kwenye benchi hadi jua la utosi, akiambiwa tu kwamba mtandao unasumbua.

Baada ya kulisoma somo hili, mhudumu wa afya ataweza kueleza vipimo vinne vya afya ya mtandao, kutaja visababishi vikuu vya kuzorota kwake, na kufuata hatua za uchunguzi kabla ya kununua chochote. Mgonjwa naye ataelewa kwa nini husubiri, na ana haki ya kudai nini wakati anasubiri.

Kisa cha kujifunzia

Mimi ni daktari bingwa wa radiolojia. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kusoma, nikiwa mbali, kipimo cha CT cha kijana aliyeanguka na bodaboda. Hospitali aliyopelekwa iko katika ukanda wa pwani ya kaskazini. Alifika akizungumza vizuri. Picha zake zilikuwa na ukubwa wa megabaiti 300 hivi, na hospitali ilikuwa ikilipia kasi ya megabiti 8 kwa sekunde, ya kupakia na ya kupakua. Baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo megabaiti 300 ni megabiti 2,400, na kwa kasi ile zilipaswa kunifikia kwa dakika tano au sita.

Zilichukua saa moja na dakika hamsini. Daktari wa zamu alinipigia simu mara tatu. Mara ya tatu alisema kijana ameanza kusinzia. Tulikubaliana asafirishwe kwa upasuaji bila kusubiri zaidi. Picha zilipokamilika, gari la wagonjwa lilikuwa limekwisha kuondoka, nazo zilionyesha tulichokihofia: damu iliyovia kati ya fuvu na utando wa ubongo. Katika jeraha la aina hii mgonjwa anaweza kuzungumza vizuri kwa saa kadhaa, kisha akapoteza fahamu kwa kasi. Kijana alipasuliwa, akapona. Hata hivyo, zaidi ya saa moja ya muda wake wa hatari tuliipoteza tukitazama alama ya kusubiri ikizunguka kwenye kioo.

Wiki iliyofuata kiliitishwa kikao. Pendekezo lililoungwa mkono na wengi lilikuwa kununua kifurushi cha intaneti chenye kasi maradufu. Fundi wa TEHAMA, kijana mpole, aliomba apewe kwanza siku mbili za kupima. Alichokikuta ni hiki: njia ya kutoka hospitalini kwenda nje ilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa kwenye kebo iliyotoka chumba cha CT, ikapita nje ya ukuta unaotazama bahari. Kiungio chake kilikuwa kimeota kutu ya kijani kwa upepo wa chumvi. Alikikata, akaweka kingine, akaifunika kebo ndani ya bomba. Jaribio la kutuma picha za ukubwa uleule likachukua dakika sita. Bei ya kiungio haikufikia bei ya chai iliyonywewa kikaoni.

Fundisho la kisa hiki ndilo msingi wa somo zima: kasi ya mtandao haizidi kasi ya kipande chake kilicho dhaifu kuliko vyote. Anayeongeza dozi kabla ya kujua ugonjwa uko wapi hupoteza dawa, na pengine mgonjwa.

Vipimo vinne vya afya ya mtandao

Kama tunavyopima joto, mapigo ya moyo, upumuaji na shinikizo la damu, mtandao nao una vipimo vyake. Tuvieleze kwa mfano wa kivuko cha Mto Pangani, kinachovusha watu na magari kati ya Pangani mjini na Bweni.

Kwanza, upana wa njia: kiasi cha data kinachopita kwa sekunde moja, kama idadi ya magari yanayobebwa na kivuko kwa mkupuo. Hiki ndicho kinachoandikwa kwenye matangazo ya vifurushi. Tofautisha kasi ya kupakua na kasi ya kupakia. Vifurushi vingi vina kasi kubwa ya kupakua na ndogo ya kupakia, ilhali hospitali inayotuma picha kwa mtaalamu wa mbali inahitaji zaidi hiyo ya pili.

Pili, ucheleweshaji: muda wa kwenda na kurudi, kama muda wa kivuko kuvuka na kurejea, hata kikibeba baiskeli moja tu. Katika uzi wa kioo wa mkongo, nuru husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam, njia ya kilomita kama 350, kwenda na kurudi hakufikii milisekunde 4. Lakini setilaiti isiyohama, iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, hulazimisha ombi na jibu kusafiri takriban nusu sekunde. Kununua upana mkubwa hakufupishi umbali huo.

Tatu, upotevu wa pakiti. Data hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Zikipotea njiani, kama mizigo iliyodondoka majini, hutumwa upya. Tena, kompyuta inayotuma hutafsiri upotevu kuwa ni dalili ya msongamano, nayo hupunguza mwendo wake kwa makusudi. Ndiyo maana kutu kidogo iliweza kugeuza dakika sita kuwa karibu saa mbili.

Nne, kuyumba: ucheleweshaji unaobadilikabadilika. Anayetuma faili huenda asiutambue; anayezungumza na daktari kwa video huona sura ikiganda na kusikia maneno yakikatika.

Ukishavielewa vipimo hivi, utaona kwamba barabara ya kwenda Pangani ikipanuliwa mara mbili huku kivuko kikibaki kilekile, foleni ya ukingoni haipungui.

Visababishi vya kuzorota

1. Nyaya na viungio. Kebo ya shaba ya mtandao imekusudiwa umbali usiozidi mita 100 kati ya kifaa na kifaa. Ikivutwa zaidi ya hapo, ikikunjwa sana au ikipitishwa sambamba na nyaya za umeme, hupoteza pakiti. Katika mwambao, chumvi na unyevu huongeza kutu kwenye viungio, na panya hutafuna zilizobaki.

2. Waifai. Mawimbi yake hudhoofishwa na maji, chuma na kuta nene. Majengo ya kale ya mwambao yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe ni mazuri kwa ubaridi, lakini huyazuia mawimbi. Kuta za chumba cha eksirei zenye risasi huyazuia zaidi. Masafa ya gigahezi 2.4 yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11; vifaa vingi vikirundikana kwenye chaneli moja, husubiriana. Hata jiko la maikrowevu katika chumba cha chai huvuruga masafa hayo.

3. Msongamano wa ndani. Simu za wafanyakazi, masasisho ya programu, kamera za ulinzi na video zikitumia njia moja na mfumo wa wagonjwa, wote hupanga foleni moja. Kompyuta yenye virusi huweza kuijaza njia bila mwenyewe kujua.

4. Mzunguko wa kebo. Mtu akichomeka ncha zote mbili za kebo moja kwenye swichi isiyo na kinga, ujumbe huzunguka na kuzaliana hadi mtandao wote uzime. Ukubwa wa hospitali haumwepushi mtu na matatizo ya jamii hii. Mnamo Novemba 2002, hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston, Marekani, ilipata hitilafu ya mizunguko katika mtandao wake uliokuwa umekua bila kupangwa upya. Kwa siku kadhaa waganga walirudi kwenye karatasi.

5. Umeme. Umeme ukikatika na jenereta kuwaka, swichi isiyo na betri ya akiba huzima na kuanza upya. Watu husema intaneti imekatika, kumbe ni kisanduku kidogo darini kilichozimika.

6. Kompyuta na seva. Kompyuta iliyojaa au seva iliyozidiwa huonekana kama mtandao mbovu. Si kila homa ni malaria.

7. Njia ya nje. Tanga hufikiwa na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, na nchi huunganishwa na dunia kwa mikongo ya baharini, ikiwamo SEACOM iliyoanza kazi mwaka 2009 na EASSy ya mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilikatika kusini mwetu, na intaneti ikazorota nchini kote kwa siku kadhaa. Siku kama hiyo hakuna fundi wa hospitali anayeweza kuutibu ugonjwa. Anaweza tu kuwa amejiandaa.

Hatua za uchunguzi

Anza na historia. Tatizo lilianza lini? Ni kompyuta moja, chumba kimoja au hospitali nzima? Ni saa zote au saa nne asubuhi tu? Huongezeka mvua inaponyesha? Majibu haya peke yake hufungua nusu ya fumbo.

Kisha pima kutoka karibu kwenda mbali. Kwa agizo la ping, tuma pakiti mia moja kutoka kompyuta yenye shida hadi kwenye ruta ya hospitali, ukisoma ucheleweshaji na upotevu. Ndani ya jengo lenye nyaya nzima, ucheleweshaji haupaswi kuzidi milisekunde chache, na upotevu unapaswa kuwa sifuri. Ukikuta upotevu hapa, usimlaumu mtoa huduma. Tafuta kebo, swichi au waifai. Ikiwa ndani ni salama, pima hadi kituo cha nje. Rudia asubuhi, mchana na usiku, uandike kwenye daftari. Mtoa huduma husikiliza daftari kuliko malalamiko.

Matibabu

Rekebisha kwanza kile kilichopimwa na kuonekana kibovu. Vifaa visivyohama, kama mashine ya CT, kompyuta ya maabara na ya mapokezi, viunganishwe kwa kebo. Waifai iachiwe vinavyobebwa. Kebo za nje ziingizwe katika bomba, na viungio vikaguliwe angalau kila baada ya masika na vuli. Kati ya majengo yaliyo mbali, tumia uzi wa kioo, usioota kutu kama shaba wala kupitisha shoti ya radi.

Tenganisha mtandao wa wagonjwa na ule wa wageni na simu binafsi, kisha weka vipaumbele katika ruta. Wahudumu wa afya tunalielewa jambo hili kuliko wengine: katika idara ya dharura hatumtangulizi aliyefika kwanza, tunamtanguliza aliye hatarini. Picha ya ubongo ipite kabla ya sasisho la programu, na masasisho yasubiri usiku. Swichi na ruta ziwe na betri ya akiba. Mwisho, kama vipimo vinaonyesha kwamba njia ya nje imejaa kweli, hapo ndipo kuongeza kifurushi kunakuwa dawa.

Kila hospitali iwe pia na njia ya pili ya kutokea, hata ndogo, kutoka kwa mtoa huduma mwingine anayepita njia tofauti. Ipendelee mifumo ambayo seva yake iko ndani, inayoendelea kufanya kazi intaneti inapokatika. Na kila idara iwe na fomu za karatasi zilizo tayari, pamoja na watu waliozizoea. Karatasi hizo ni chanjo: hutolewa kabla ya ugonjwa.

Neno kwa mgonjwa

Mgonjwa mpendwa, tunza kadi yako ya kliniki na nakala za majibu yako. Siku mtandao unaposumbua ndizo kumbukumbu zako. Ukiambiwa usubiri, uliza kwa upole kama kuna utaratibu wa karatasi. Na ukiwa unavuja damu, unapumua kwa shida, una uchungu wa uzazi au umeumia kichwa, mwambie mhudumu mara moja, au ndugu yako akusemee. Matibabu ya dharura hayasubiri kompyuta ifunguke.

Maswali ya kujipima

1. Picha ya eksirei ina megabaiti 20, na kasi halisi ya kupakia ni megabiti 2 kwa sekunde. Itachukua muda gani kufika?

2. Kompyuta ya mapokezi inapoteza pakiti 8 katika kila 100 kabla ya kufika kwenye ruta. Je, kununua kifurushi kikubwa kutasaidia?

3. Leo mtandao ukizima kazini kwako, fomu za karatasi ziko wapi, na nani anajua kuzijaza?

Jibu la kwanza ni sekunde 80. Jibu la pili ni hapana, kwa kuwa ugonjwa uko ndani. Jibu la tatu kalitafute kesho asubuhi, kabla foleni haijaanza.