Uopoaji wa Molekuli Ubongoni: Nafasi ya Viongezi katika Maikrodayalisisi

Makala haya yanaangazia suala la kimaabara linaloigusa lugha pia: kwa nini kiowevu cha kupimia hutiwa kiongezi kabla ya kupitishwa mwilini? Kwa msomaji wa Kisii na Nyamira, mfano ulio karibu ni jeraha la kichwa. Ababari wa Abagusii walisifika kwa kulifungua fuvu na kuukwangua mfupa ili kumwondolea mgonjwa maumivu yaliyofuata pigo. Mwaka wa 1985 Furnas na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu ustadi huo. Omobari aliuona mfupa. Yaliyotendeka ndani ya tishu ya ubongo hakuwa na njia ya kuyaona.

Maikrodayalisisi hujaribu kufika huko. Mrija mwembamba wenye utando wa vitundu huingizwa ubongoni mwa majeruhi, na kiowevu hupitishwa polepole mno, aghalabu mikrolita 0.3 kwa dakika. Molekuli za tishu hupenya utando na kuchukuliwa. Kiasi kinachonaswa, kikilinganishwa na kile kilichomo katika tishu, chaweza kuitwa uopoaji, neno linalomkumbusha mtu ndoo iliyozama kisimani. Kukiita upatikanaji kungepotosha: kitu hupatikana au hakipatikani, ilhali uopoaji una viwango.

Glukosi na laktati ni ndogo, nazo huopolewa bila taabu. Saitokini, yaani protini zinazoashiria uvimbe, ni kubwa na hugandama kwenye plastiki. Isitoshe, utando wenye vitundu vipana vya kuzipitisha huvujisha kiowevu chenyewe. Hapa ndipo albumini au dekstrani huingia. Zote mbili huyavuta maji yabaki mrijani. Albumini, zaidi ya hayo, huzifunika kuta ili saitokini zisipate pa kushika. Kwa dawa zinazoyeyuka katika mafuta hutumiwa siklodekstrini, ambayo molekuli yake ni mfano wa kikapu.

Hata hivyo, kiongezi si mtazamaji. Albumini yaweza kufungamana na kile kinachopimwa, na si kila saitokini hufaidika sawa. Tarakimu ndogo, basi, haithibitishi kwamba kitu hakimo ubongoni. Huenda hakikuopolewa tu. Daktari anayeisoma kando ya kitanda cha kijana aliyeanguka na pikipiki hana budi kuuliza kwanza kiowevu kilitiwa nini.