Chakula Baada ya Kupasuliwa Tumbo

Mgonjwa akirudi kutoka hospitali, jamaa humletea ugali na nyama. Humwambia, "Kula upate nguvu." Wanampenda, lakini wanaweza kumdhuru.

Daktari akikata sehemu ya mfuko wa chakula tumboni, mfuko unaobaki ni mdogo. Kidonda cha nje kinaweza kukauka, kumbe mshono wa ndani bado. Kwa hiyo fuata hatua hizi. Usiende hatua ya pili kabla daktari hajaruhusu.

1. Vinywaji: maji, maziwa, supu iliyochujwa, uji mwepesi usio na sukari nyingi.
2. Vyakula vilivyopondwa: maharage, samaki asiye na miiba.
3. Vyakula laini: mayai, viazi, ndizi zilizopikwa.
4. Vyakula vigumu: mara nyingi baada ya wiki 6 au zaidi.

Kula kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Tafuna sana. Ukishiba, acha. Usinywe maji wakati wa kula. Ngoja nusu saa.

Mgonjwa akitapika mara kwa mara, akipata homa, au tumbo likiuma sana au kuvimba, mrudisheni hospitali upesi.

Maswali
1. Kwa nini mgonjwa asipewe ugali mapema?
2. Taja dalili tatu za hatari.