Nikiogopa kusema neno la Mungu

SWALI: Mimi ni mwinjilisti kijijini, wilayani Mpwapwa. Isaya 51:16 inanipa tumaini la kufunikwa kwa mkono wa Mungu. Mbona bado naogopa kuwakemea wazee wa kanisa wanaopiga ramli?

JIBU: Ndugu yangu, ahadi hiyo haimaanishi kwamba hutaguswa. Mwaka 1889 wapiganaji wa Abushiri, aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani, walishambulia Mpwapwa na kituo cha misheni cha CMS (Church Missionary Society) kikachomwa moto. Hata hivyo Injili iliendelea kuhubiriwa, na mwaka 1991 ikaundwa Dayosisi ya Mpwapwa ya Kanisa Anglikana. Kwa hiyo sema. Ila jihadhari sana: hasira yako binafsi si neno la Mungu, hata ukiitamka mimbarini. Omba, kisha uwaendee wazee hao nyumbani kabla ya Jumapili.