Wifi Ananipamba, Natoka wa Kijivu

Shangazi, mimi ni msichana wa miaka 27 kutoka Wote. Mwezi wa nne mchumba wangu alileta kwetu mbuzi wa ntheo, wale wa ndoa yetu ya kimila, na dada yake, mwenye saluni huko Mwingi, akanipamba bure. Kwenye kioo nilijiona sawa. Picha zilipokuja, uso ulikuwa wa kijivu kama wa mtu aliyetoka posho mili, na shingo ikabaki nyeusi yangu ya kila siku. Sasa harusi ya kanisani ni Desemba na ameshatangaza kuwa ni yeye atakayenipamba. Anasema ngozi nyeusi kama yangu "haishiki rangi", na amenipa krimu ya kupaka kila usiku ili "nifunguke" kabla ya siku yenyewe. Sitaki kumkosea, lakini picha kama zile sizitaki tena. Nifanyeje?
Bi harusi, Makueni

Mwanangu, hiyo krimu usiipake leo usiku. Naanza nayo kwa sababu picha mbaya hazijawahi kumlaza mtu hospitalini. Soma maandishi ya kopo. Ukiona haidrokwinoni au zebaki, hizo Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilishazipiga marufuku katika vipodozi. Usipoona orodha ya viungo kabisa, iogope zaidi. Zebaki hupenya ngozi ikaharibu figo. Haidrokwinoni ikipakwa kwa muda mrefu huweza kuleta madoa ya weusi wa samawati mashavuni, na hayo hata fundi hodari hawezi kuyaficha vizuri. Kama umeshaanza kuipaka, ibebe uende nayo hospitali wakuangalie.

Sasa tuje kwa uso. Ngozi yako inashika rangi vizuri sana, tatizo lilikuwa kwenye chupa. Fandesheni huchanganywa kwa unga mweupe wa titani pamoja na rangi za oksidi za chuma: nyekundu, njano na nyeusi. Kiwanda kikiunda kwanza rangi za Wazungu, kisha kikatia nyeusi kidogo ili nasi tupate yetu, ule weupe hauondoki. Nyeupe na nyeusi zikikutana huzaa majivu, na majivu hayo ndiyo uliyopakwa.

Wala si wewe wa kwanza. Iman, Msomali aliyesoma Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kwenda Marekani mwaka 1975 kufanya kazi ya uanamitindo, amesimulia jinsi mpambaji wa huko alivyomuuliza kama amekuja na fandesheni yake, kisha akampaka kitu kilichomwacha kijivu. Akaanza kujichanganyia mwenyewe, na mwaka 1994 akaanzisha kampuni yake ya vipodozi. Ikiwa yalimkuta yeye huko New York, sioni kwa nini uone haya kwa yaliyokukuta Wote.

Siku hizi rangi zipo. Fenty Beauty ya Rihanna ilianza mwaka 2017 na rangi 40, ikaanza kuuzwa rasmi Kenya mwaka 2022, na kabla ya hapo Suzie Wokabi alikuwa ameshaanza kuuza Suzie Beauty hapa hapa nchini. Lakini saluni ya mji mdogo haiwezi kuweka chupa 40. Huweka tatu au nne, na nadhani wifi yako alichukua iliyokaribia, akitazama kiasi cha weusi tu. Watu wawili wanaweza kulingana kabisa kwa weusi, mmoja ana wekundu chini ya ngozi na mwingine ana unjano. Wakibadilishana chupa, wote wawili wataharibika. Ule mtihani wa kutazama mishipa ya mkono unaosambazwa kwenye simu usikuhangaishe. Kwa weusi wako huenda mishipa yenyewe isionekane.

Nenda dukani mchana. Kama Wote hupati, panda matatu uende barabara ya Dubois, Nairobi. Jipake mistari mitatu kuanzia taya kushuka shingoni, utoke nje ya duka, usubiri kama dakika kumi, maana fandesheni nyingi hubadilika kidogo zikikauka. Ile inayopotea ndiyo yako. Isipopatikana, nunua mbili, yenye wekundu na yenye unjano, mzichanganye. Na usishangae paji la uso likiwa jeusi kuliko mashavu. Wengi wetu tuko hivyo, na fundi mwenye subira huliachia weusi wake.

Penye madoa itangulie rangi ya chungwa iliyokolea, ndipo fandesheni ije juu. Mashavuni sahau waridi jepesi, litakaa kama chokaa. Tafuta zambarau ya divai au nyekundu ya matofali, na mdomoni vilevile.

Poda ndiyo ninayoishuku zaidi, kwa sababu unasema kiooni ulikuwa sawa. Ile poda nyeupe inayodaiwa kufaa kila mtu haionekani kwa macho, ila mwanga wa kamera ukiipiga hurudi mweupe. Wifi atumie yenye rangi yako, na kidogo. Jasho likikutoka kanisani, afute kwa tishu kwanza. Akiongeza poda juu ya jasho itaganda.

Kuhusu wifi, mbuzi wa ntheo wakishapokewa wewe ni mtu wa nyumba ile, una haki ya kusema. Lakini usimwambie alikuharibu. Mwambie, "Dada, kabla ya Desemba naomba tujaribu mara moja, mchana, na mtu atupige picha kwa simu akiwa amewasha mwanga." Akiiona picha mwenyewe hutahitaji maneno mengi. Akikuuliza kuhusu krimu, mwambie daktari amekukataza. Nami nakuruhusu uniite daktari siku hiyo moja. Zile chupa mbili lipia wewe, ingawa anakupamba bure, uzibebe siku ya harusi, na ukimaliza umwachie. Huko Mwingi ana wateja wengi wa weusi wako, na hana cha kuwapaka.