Ukaguzi wa Risasi Majumbani: Kazi ya Msimamizi na Haki ya Mkazi

Risasi inayozungumziwa hapa ni madini yaliyomo katika betri za magari, rangi za zamani na chubwi za nyavu. Vumbi lake halina harufu, na kwa macho halitofautiani na vumbi la kawaida. Mtoto hulichukua kwa vidole akitambaa sakafuni, kisha hutia vidole mdomoni. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima, na kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Risasi hudhuru ubongo unaokua, hupunguza damu na kuharibu figo. Kwa mama mjamzito, inaweza kusababisha mimba kuharibika.

Kwa sababu hatari hii haionekani, mkazi hutegemea neno la afisa aliyeingia nyumbani kwake. Somo la toleo hili linaeleza jinsi kazi ya afisa huyo inavyopaswa kusimamiwa, na jinsi mkazi anavyoweza kujua kama imefanywa ipasavyo.

Funzo la Owino Uhuru

Katika mtaa wa Owino Uhuru, Kaunti ya Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi karibu na makazi ya watu hadi kilipofungwa mwaka wa 2014. Kilio kilipazwa na wakazi wenyewe, wakiongozwa na Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mtoto wake mchanga alipatikana na risasi mwilini. Mwezi Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Taasisi za serikali pia zilibebeshwa sehemu ya lawama. Baada ya rufaa, Mahakama ya Juu ilirejesha fidia hiyo mwezi Desemba 2024.

Funzo lake kwa afya ya umma ni kwamba ugonjwa wa mtoto haupaswi kuwa kipimo cha kwanza cha hatari iliyoko nyumbani. Ukaguzi unapaswa kumtangulia daktari. Vilevile, matibabu bila kusafisha nyumba hayatoshi. Katika jimbo la Zamfara nchini Nigeria, ambako watoto zaidi ya 400 walifariki kuanzia mwaka wa 2010 kutokana na risasi iliyotoka kwenye mawe ya dhahabu yaliyosagwa vijijini, maboma yalisafishwa kwanza ndipo watoto wakapewa dawa. Mtoto akitibiwa kisha arudi kwenye vumbi lile lile, damu yake huchafuka upya.

Kabla ya ziara

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, huduma za afya za kaunti ziko chini ya serikali za kaunti. Maafisa wa afya ya umma hukagua makazi wakiongozwa na Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Wahudumu wa afya ya jamii nao huzijua familia kwa majina na huweza kutoa elimu kila wanapozitembelea. Msimamizi ndiye anayeunganisha makundi haya mawili.

Kazi yake ya kwanza ni kupanga nyumba zipi zianze. Nyumba zenye watoto wa chini ya miaka 6 au mama mjamzito hutangulia, hasa zilizo karibu na karakana za betri, mahali pa kuchomea nyaya, au penye rangi ya zamani inayobabuka. Familia ambazo baba au mama hurudi nyumbani na nguo za kazi zenye vumbi la betri nazo huorodheshwa.

Kazi ya pili ni kuhakikisha wafanyakazi wote wanajua wanachotafuta. Mbali na rangi na udongo, wanapaswa kuulizia sufuria zilizotengenezwa kwa vyuma chakavu, wanja wa macho usiojulikana ulikotoka, na kama kuna mtu anayeyeyusha risasi jikoni ili kutengeneza chubwi. Swali lisipoulizwa, chanzo hubaki pale pale hata kama sakafu imepigwa deki.

Wakati wa ziara

Msimamizi mzuri hutoka ofisini. Huandamana na kila mfanyakazi mara kwa mara, husimama kando na kutazama bila kumnyang'anya kazi. Huangalia kama afisa amejitambulisha, ameonyesha kitambulisho na kuomba ridhaa kabla ya kuchukua sampuli.

Sampuli za vumbi hupanguswa kwa kitambaa maalumu katika eneo lililopimwa, kwa kawaida sakafuni mahali mtoto anapocheza na kwenye kizingiti cha dirisha. Eneo lisipopimwa, matokeo ya maabara hayawezi kulinganishwa na kiwango chochote. Glavu hubadilishwa kati ya sampuli moja na nyingine. Kitambaa kimoja kisichotumika hupelekwa maabara pamoja na vingine. Kikipatikana na risasi, ni ishara kwamba vifaa vyenyewe vilichafuka. Kila sampuli huandikwa namba papo hapo.

Usalama wa wafanyakazi pia ni jukumu la msimamizi. Wanapaswa kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula na kubadilisha viatu na nguo kabla ya kurudi kwa watoto wao.

Baada ya ziara

Fomu zilizojazwa si ushahidi kamili wa kazi. Chukua mfano wa mfanyakazi anayewasilisha fomu za nyumba 30 kwa siku moja, zote zikisema hakuna rangi inayobabuka. Ukaguzi wa dakika 40 kwa kila nyumba ungehitaji saa 20. Msimamizi anayehesabu ataona tatizo kabla halijafika mbali. Hatua inayofaa ni kurudi katika nyumba chache zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, kulinganisha fomu na hali halisi, na kuzungumza na mfanyakazi huyo faraghani. Pengine alivivia kazi. Pengine alipewa nyumba nyingi kupita uwezo wa mtu mmoja. Makosa hayo mawili hayana dawa moja.

Elimu nayo hupimwa kwa kile familia inachofanya baadaye. Kuhesabu karatasi zilizogawiwa hakutoshi. Katika ziara ya kurudia, msimamizi huuliza mambo matatu: Nani alikuja hapa? Alieleza nini? Ni jambo gani limebadilika nyumbani tangu siku hiyo? Kisha humwomba mzazi aonyeshe jinsi anavyosafisha. Fomu ikisema "amefundishwa" lakini mzazi bado anafagia vumbi kavu, somo halijafika.

Ushauri unaotekelezeka

Msimamizi pia hupima kama ushauri unalingana na uwezo wa familia. Kumwambia mpangaji wa chumba kimoja ahame au apake nyumba nzima rangi mpya ni maneno matupu. Yako mambo anayoweza kuyafanya leo:

• Kupangusa sakafu na madirisha kwa kitambaa chenye maji na sabuni badala ya kufagia pakavu, na kutomwaga maji hayo mahali watoto wanapocheza.

• Kunawisha watoto mikono kabla ya kula na kabla ya kulala, na kuosha vitu vyao vya kuchezea.

• Kuacha viatu mlangoni, na kufua nguo za karakana kando na nguo za watoto.

• Kutokwangua rangi ya zamani ikiwa kavu, na kutochoma mbao zilizopakwa rangi kama kuni.

• Kuwapa watoto chakula chenye madini ya chuma na kalisi, kama maharagwe, omena, mboga za majani na maziwa. Mwili wenye upungufu wa madini haya hufyonza risasi zaidi.

Mambo haya hupunguza hatari lakini hayaondoi chanzo. Ukuta wa nyumba ya kupanga ni jukumu la mwenye nyumba, na sheria inamruhusu afisa wa afya kutoa notisi ya kuondoa kero inayohatarisha afya. Karakana inayochafua mtaa huripotiwa pia kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Msimamizi hufuatilia notisi mpaka kazi ikamilike, ili mama asiachiwe mzigo wa kupangusa vumbi linalorudi kila siku.

Matokeo ni ya familia

Sampuli ya nyumba huonyesha kama hatari ipo. Kipimo cha damu huonyesha kama imemfikia mtoto. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka wa 2021 unasema mtu akipatikana na mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita moja ya damu, chanzo kitafutwe na hatua zichukuliwe kukiondoa. Familia inapaswa kuelezwa matokeo kwa lugha inayoeleweka. Habari za afya ya mtoto zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na si za kutangazwa barazani.

Mkazi anayetembelewa ana haki ya kuuliza maswali manne: Afisa ni nani na ametumwa na ofisi gani? Sampuli imechukuliwa wapi? Matokeo yatarudi lini, na yataletwa na nani? Msimamizi wake ni nani? Mfanyakazi aliyefunzwa vyema atayajibu bila kukasirika. Asipoyajibu, au matokeo yasiporudi, mkazi anahimizwa kufika katika ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo yake na kumwona msimamizi mwenyewe.